Shamba lililolala si ardhi tupu

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mlichapa andiko lililodai kwamba wanaomaliza pori kandokando ya Lubumbashi ni wanakijiji wanaolima kwa moto, na kwamba kilimo chao cha kujilisha tu kipigwe marufuku. Mimi ni mwalimu, naishi Katuba, lakini nililelewa na bibi yangu upande wa Kasenga. Bukari (ugali) nyeusi ya ulezi niliyokulia ilitoka katika majivu hayo. Naomba nafasi nijibu.

Chitemene, ndilo jina la kilimo chetu cha kukata matawi na kulima juu ya majivu yake, si kuwasha kiberiti na kuondoka. Babu alipanda juu ya mti na shoka lake, akakata matawi, shina akaliacha limesimama. Matawi yalikauka kiangazi kizima, kisha bibi na shangazi zangu wakayabeba kichwani na kuyarundika mahali pamoja. Eneo lililokatwa matawi lilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko shamba lenyewe. Udongo wa miombo, pori letu la miti, ni maskini, ndiyo maana rutuba ya pori pana hukusanywa kwenye kipande kidogo. Moto ulingoja mvua ikaribie: ukiwahi, upepo unapeperusha majivu, ukichelewa, matawi yanalowa. Namwona bado bibi amepiga magoti, anagusa majivu kwa kiganja kujua kama yamepoa, ndipo amwage mbegu. Mwaka wa kwanza ulezi, baadaye karanga na mihogo. Mihogo ikishang'olewa, tulihama, na shamba likalala miaka ishirini au zaidi. Miti ilichipua. Vinkubala, viwavi wa kuliwa tunavyogombania sokoni mvua zinapoanza vinakula majani ya miti hiyohiyo.

Mwandishi wenu anawaweka wote wanaolima ili wale katika kapu moja. Mkulima wa Kabare, kule Kivu, hana pori la kuhamia: analima kipande kilekile, migomba karibu na nyumba akiilisha samadi na maganda ya jikoni, maharagwe chini yake. Wafugaji wa Ituri wanafuata malisho. Watu wa kando ya mto Luapula wanachanganya mihogo na uvuvi. Amri moja haiwezi kuwafaa wote hao.

Kilichoharibika kwetu ni pumziko la shamba. Huku kuna eneo la mgodi, kule kuna mafermi, mashamba makubwa ya watu wa mjini yenye uzio, na familia inarudi shambani baada ya miaka mitano, miti ikiwa bado vijiti. Halafu kuna makala, yaani mkaa wa kupikia, ambayo yanataka shina lenyewe. Wanaoyanunua ni sisi wa mjini. Nami napika kwa makala, maana umeme mtaani kwetu unakuja na kwenda.

Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, unga wa mahindi unaotoka huko ukapanda bei hapa hadi mama wa jirani akaanza kununua nusu ya meka, kile kipimo cha sokoni. Nyumbani kwangu tuliokolewa na gunia la mihogo mikavu kutoka kijijini. Tuliisaga, tukachanganya na unga kidogo wa mahindi, watoto wakala. Mihogo hiyo ilitoka katika kilimo mnachotaka kifutwe.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Kwa ardhi za vijiji, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wakaaji. Miaka ikapita mingi, amri haikuja. Ndiyo sababu shamba lililolala linaonekana kama ardhi tupu: anayekuja na karatasi analichukua, na mzee wa kijiji hana cha kuonyesha isipokuwa visiki vinavyochipua.

Njia ipo. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, iutunze na kuutumia kwa desturi zake. Lakini kuandaa ombi kunataka ramani, safari za mjini na mtu anayejua kuandika barua za ofisini. Tafadhali chapisheni hatua hizo moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Mimi nitabeba nakala hadi Kasenga likizo ijayo na kuwasomea wazee.

Mwalimu, komini ya Katuba, Lubumbashi