Kabla hujanunua vidonge vya mimea vya "kushusha sukari"

Mteja akituuliza kama tuna dawa ya mimea ya kushusha sukari, huwa tunaanza na habari za misuli. Insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, inapotolewa baada ya chakula, misuli iliyoshikamana na mifupa ndiyo inayotegemewa kupokea sehemu kubwa ya glukosi (sukari iliyo kwenye damu). Insulini hushika kipokezi juu ya seli, ujumbe hupita ndani, kisha protini iitwayo GLUT4 husogea hadi kwenye utando wa seli na kuingiza sukari. Kwa mwenye usugu wa insulini ujumbe huo hufifia njiani, mara nyingi kwa sababu ya mafuta yaliyojilimbikiza ndani ya seli za misuli. Kongosho hulazimika kuongeza insulini, na mtu anaweza kukaa miaka mingi bila kuhisi lolote.

Mimea ina historia ya kweli hapa. Metformini, dawa ya kisukari itumikayo sana, chimbuko lake ni galejini, kemikali ya mmea wa Galega officinalis, na daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957. Galejini yenyewe iliachwa kwa sababu ya sumu yake. Asili ya mmea haikuifanya iwe salama.

Siku hizi wengi huulizia berberini, kemikali nyingine ya mimea. Huamsha AMPK, kimeng'enya kinachopima nishati ya seli, na seli za misuli zilizotiwa berberini maabara huvuta glukosi zaidi. Ila ikimezwa, inayofika kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Kurkumini, kemikali ya bizari manjano, nayo hufyonzwa kwa shida, na resveratroli, iliyomo kwenye zabibu, hubadilishwa upesi na ini. Kiwango kinacholoweka seli maabara ni nadra kufika kwenye misuli yako, ndiyo maana hatuandiki "inatibu kisukari" kwenye chupa yoyote.

Tunauliza pia dawa unazotumia. Berberini huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwa hiyo dawa kama siklosporini, wanayopewa waliopandikizwa viungo, inaweza kuzidi mwilini. Ukiichanganya na insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito na anayenyonyesha hatumuuzii kabisa, hata akisisitiza.

Kutembea baada ya kula tunakupendekezea bila wasiwasi: misuli inayojikunja husogeza GLUT4 bila kungoja insulini, hata pale ambapo usugu umeshaingia. Vidonge, kama bado unavitaka, tutavizungumza ukija na orodha ya dawa zako na majibu ya kipimo chako cha HbA1c (kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu), baada ya daktari wako kujua unachotaka kuanza.