Nundu ya mjukuu wako, shoga yangu, iacheni

Shela, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako kuhusu nundu iliyomtoka mjukuu wako kichwani nimeupata baada ya Alasiri na nimeusoma mara tatu. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze kwa imani. Lakini kabla ya lolote: huyo bibi mkandaji anayekuja kesho na mafuta ya simsim, mpokeeni kwa heshima zake, amkande mzazi mgongo akitaka. Kichwa cha mtoto asikiguse.

Hali uliyo nayo naijua. Binti yangu alipojifungua Rajabu iliyopita, alishikwa na uchungu mchana kutwa na usiku kucha. Mtoto alikwama njiani, wakamvuta kwa kile kikombe cha vakyumu kinachonata kichwani kwa kunyonya hewa. Alitoka analia vizuri, ila kichwa kimechongoka na kimevimba kote kisogoni. Uvimbe ule ulinywea kabla ya siku ya pili kwisha, nasi tukashukuru. Kumbe asubuhi hiyo hiyo, nikimfunika kanga, kiganja changu kikakuta nundu nyingine juu ya sikio la kulia, inabonyea kama embe lililoiva. Shoga, magoti yaliniisha nguvu.

Nesi akaniketisha akanieleza. Ule wa kwanza ni maji ya ngozi iliyobanwa njiani, hutokea hata kwa aliyezaliwa bila kuvutwa. Huu wa pili ni damu. Mfupa wa kichwa una utando wake, na mishipa midogo iliyo kati ya mfupa na utando ikikatika, damu huvuja taratibu ikakusanyika hapo chini. Ndiyo maana mtoto huzaliwa bila nundu, ikaja kuonekana baada ya saa kadhaa au kesho yake. Damu hiyo haivuki maungio ya mifupa, hubaki kwenye mfupa wake mmoja. Iko nje ya fuvu, haiko kwenye ubongo. Madaktari huiita sefalohematoma. Mwili huinyonya wenyewe, kwa wiki kadhaa au hata miezi mitatu.

Sasa nisikilize vizuri. Uko uvimbe wa tatu, na huo ndio wa kukimbia nao usiku huu huu. Huo damu yake humwagika chini ya ngozi yote ya kichwa, haina mpaka. Ukiushika unatembea kama maji ndani ya mfuko, unavuka utosi, unashuka nyuma ya masikio na shingoni, na kichwa kinazidi kukua. Mtoto anapauka, anahema mbio, analegea, hataki ziwa. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu mwilini, robo lita. Haihitaji kuvuja nyingi kumpoteza. Ukiona hata dalili moja, usingoje baba yake arudi kutoka kazini. Nyinyi Malindi hamna bahari ya kuvuka, sisi huku hutafuta boti kwanza.

Unavyonieleza, nundu ya mjukuu wako iko upande mmoja, haijavuka katikati, na ananyonya. Inafanana na ya wetu. Hata hivyo mpelekeni akatazamwe, na muulize kama alidungwa sindano ya vitamini K alipozaliwa, maana ndiyo inayosaidia damu kuganda.

Na msiitoboe wala kuifyonza kwa sindano, hata akija mtu na ujuzi wake wote. Damu ile imefungwa mahali safi. Ukifungua tundu, umefungulia vijidudu. Kuikanda nako kunaweza kuifanya ivuje upya.

Kilichotusumbua sisi ni manjano. Damu ile ikivunjika huacha rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga halijawa na nguvu ya kuisafisha. Siku ya nne macho yake yalikuwa kama binzari. Jirani akasema tumwanike juani. Nilikataa, tukapanda boti hadi mjini, akalazwa chini ya taa ya bluu siku mbili. Jua la uani halitoshi, na manjano yakizidi hufika kwenye ubongo, yakamwacha mtoto kiziwi au na viungo vilivyokakamaa.

Siku ya saba tulimnyoa kama ada, ila juu ya nundu tulipunguza kwa mkasi tu, wembe haukupita. Wiki ya tatu kingo zake ziligeuka ngumu kama gamba na katikati pakabonyea, nikadhani fuvu limeingia ndani. Daktari alipapasa akasema ndivyo inavyopona. Sasa ana miezi mitatu, natafuta mahali pale kwa vidole sipaoni.

Jambo moja limeniuma kwenye ujumbe wako: kwamba mama mkwe anasema binti yako alibana miguu ndipo mtoto akaumia. Wangu naye aliambiwa hivyo, akalia akimnyonyesha. Mtetee binti yako, shoga. Mtoto mkubwa, nyonga nyembamba, uchungu mrefu, kuvutwa, hakuna alilochagua hapo. Mpikieni uji wa pilipili manga alale.

Kesho kukipambazuka mtoe mtoto mlangoni penye mwanga, umbonyeze ngozi ya pua kwa kidole kisha uachie. Ikiwa ya manjano, hospitali kwanza, simu baadaye. Kama si ya manjano, nipigie hapo hapo, nitakuwa nimeamka.

Wako wa daima,
shoga yako wa Shela