Barua kwa mwanangu: Uliza kwanza kama wanaruhusiwa kugoma

Mwanangu,

Marahaba. Makala yako kuhusu ubepari na vita vya leo nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza mbio mbio, mara ya pili taratibu, kalamu mkononi. Ndugu zako wote wanajua umeandika. Mdogo wako anasema nimemwambia mara nne. Sasa nasikia unaondoka wiki ijayo kwenda kwenye mkutano wa vijana wa chama, na kwamba utaisoma makala hiyo hiyo mbele ya watu. Ndiyo maana naandika usiku huu. Kwenye simu utaniambia "mama, nimekuelewa" kabla sijamaliza.

Sehemu ya kwanza, ile ya historia, usiiguse. Umeeleza jambo ambalo sisi tulilihangaikia miaka mingi bila kulisema vizuri: kwamba soko si ubepari. Watu wamenunua na kuuza tangu zamani. Ubepari unaanza pale mtu anapobaki hana cha kuuza ila nguvu zake, na ardhi na mashine ziko kwa mwingine. Na hali hiyo haikuja yenyewe. Umeonyesha jinsi mashamba na malisho ya wote yalivyozungushiwa ua Uingereza, sheria zaidi ya 5,200 zilizopitishwa na Bunge kati ya 1604 na 1914, ekari milioni 6.8 hivi. Mtu akisoma hapo haelezwi tena kwa nini mkulima alikwenda kiwandani. Anaona mwenyewe kwamba njia ya kurudi shambani ilikuwa imefungwa.

Kuhusu utumwa umeandika kwa hasira, na hasira yako ni ya haki, lakini umepita haraka. Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini kuvushwa Atlantiki. Hilo umelisema. Hukusema kwamba mwaka 1833, Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, lilitenga fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo walipewa wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakupata kitu. Deni lililotokana na mkopo wa fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Wewe ulikuwa umeshazaliwa. Liweke hilo. Litafanya kazi kuliko aya nzima ya maneno makali, na maneno makali unayo mengi mno. "Ubepari" umeutaja hadi kwenye sentensi inayohusu mvua.

Kuna kitu umekiruka, na ndicho kinachonipeleka kwenye jambo langu. Mwaka 1791, Ufaransa ikiwa katikati ya mapinduzi yake ya uhuru na usawa, ilipitishwa sheria ya kuwakataza wafanyakazi kuungana na kugoma. Uingereza ikafuata mwaka 1799 na 1800, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1824. Hata baada ya hapo, mwaka 1834, vibarua sita wa mashambani wa kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kupelekwa Australia miaka saba, kosa lao likiwa ni kula kiapo cha chama chao. Bepari alijua mapema sana kinachomtisha. Hotuba hazimtishi, bendera hazimtishi. Anachoogopa ni watu waliokubaliana kuweka zana chini siku moja.

Sasa fungua ukurasa wa tisa. Umeandika: "Katika vita vya leo, mjamaa wa kweli anasimama na dola yoyote inayopingana na Marekani." Yoyote. Neno hilo moja ndilo limeninyima usingizi.

Mwanangu, kabla hujasimama na dola yoyote, uliza kama wafanyakazi wake wanaruhusiwa kugoma. Sikuombi uache kuupinga ubeberu. Naomba uulize hilo swali, kisha usubiri jibu.

Umeisifu Urusi, si waziwazi, lakini umeisifu. Basi kumbuka kwamba tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya majeshi yake kuingia Ukraine, Vladimir Putin alilihutubia taifa lake na kumlaumu Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya 1917, kwa kuiunda Ukraine. Mtu anayemlaani Lenin kwa kuyapa mataifa madogo haki ya kujiamulia, wewe unamwona mwenzetu kwa lipi? Na Boris Kagarlitsky, Mmarx wa Urusi aliyewahi kufungwa hata enzi za Brezhnev, wakati wa Muungano wa Kisovieti, alikamatwa tena Julai 2023 kwa aliyoyasema kuhusu vita hivyo, na Februari 2024 akahukumiwa miaka mitano. Huyo angekuwa mgeni wa heshima kwenye mkutano wenu. Yuko jela ya dola unayotaka vijana wasimame nayo.

Najua utakalojibu, nimekulea. Utasema NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, ilisogea mashariki, na kwamba serikali ya Ukraine nayo si rafiki wa wafanyakazi. La pili ni kweli: Agosti 2022, katikati ya vita, ilitiwa saini sheria iliyowaondolea wafanyakazi wa kampuni zenye watu hadi 250 kinga nyingi za sheria ya kazi. Liandike. Usimfichie mtu. Lakini mfanyakazi aliyeporwa mkataba wake na bunge lake, kisha akaangushiwa kombora na jirani yake, ameonewa mara mbili. Uonevu wa kwanza hauuhalalishi wa pili.

Wala usidhani nimehamia upande wa Washington. Nyumba hii tunajua kilichotokea Chile tarehe 11 Septemba 1973, majenerali waliopendwa na Washington walipompindua Rais Allende, na moja ya kazi za mwanzo za wale majenerali ilikuwa kulipiga marufuku shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Tunajua kwamba mwaka 1981 Rais Reagan wa Marekani aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa sababu waligoma. Swali langu linaikamata Marekani pia, tena shingoni. Ndiyo maana ninaliamini. Halichagui.

Uliza swali hilo hilo kuhusu China, ambayo umeiita "ngao ya wanyonge." Haki ya kugoma ilikuwa kwenye katiba yao, iliondolewa mwaka 1982. Mwaka 2018, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Shenzhen walijaribu kuunda tawi lao la chama. Walifukuzwa, wakakamatwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wasomaji wa Marx, vijana wa umri wako, walikwenda kuwaunga mkono. Agosti polisi wakavamia walipokuwa wamefikia na kuwachukua. Nilipokuwa nasoma habari zao nilikuwa naona uso wako. Wewe ungekwenda, najua. Halafu kuna mtu mahali fulani mbali, mwenye nia njema, angeandika makala kuisifu dola iliyokuchukua.

Usifikiri jambo hili ni geni. Mwaka 1914 chama cha kijamaa cha Ujerumani, SPD, kilikuwa kikubwa kuliko vyama vyote vya kijamaa duniani. Vyama hivyo vilikuwa vimeahidiana mara kadhaa kuzuia vita. Tarehe 4 Agosti wabunge wake walipiga kura ya kuipa serikali fedha za vita. Siku moja kabla, katika kikao cha chama nyuma ya mlango uliofungwa, 14 walipinga, Karl Liebknecht akiwa mmoja wao, lakini mbele ya bunge wote walinyanyuka kwa ajili ya umoja wa chama. Hata yeye. Tarehe 2 Desemba ndipo aliposimama peke yake kupinga. Zamani niliwafundisha watu kumhusu Liebknecht wa Desemba tu. Siku hizi namfikiria zaidi yule wa Agosti, aliyejua na bado akanyanyuka na wenzake. Alichelewa miezi minne. Miezi minne si mingi. Wengine wamechelewa zaidi.

Kila mmoja wao alikuwa na sababu iliyoonekana nzuri. Wajerumani walisema wanaizuia Urusi ya mfalme, ambayo kweli ilikuwa gereza. Wajamaa wa Ufaransa walisema wanailinda jamhuri dhidi ya mfalme wa Ujerumani. Adui wa kila mmoja alikuwa mbaya kweli. Hapo ndipo mtego ulipo, mwanangu, ndipo ninapokuomba usimame kidogo: ubaya wa adui si ushahidi wa wema wa anayempiga.

Sisi tulikuwa na kipimo kibovu. Tulikuwa tunauliza nani anashangilia. Magazeti ya mabeberu yakilaani jambo, sisi tukalitetea, yakilisifu, tukalilaani. Ilikuwa rahisi na ilituokolea kusoma. Kwa kipimo hicho tuliweza kukaa na habari za Novocherkassk, mji wa Urusi enzi za Muungano wa Kisovieti, bila kutikisika. Mwaka 1962, Juni, wafanyakazi wa kiwanda cha vichwa vya treni huko waligoma kwa sababu bei za vyakula zimepanda na malipo yao yamepunguzwa. Dola iliyojiita ya wafanyakazi ikawafyatulia risasi, watu wapatao 26 wakafa, na wengine saba wakahukumiwa kifo baadaye. Tulipozipata habari hizo tulisema zimetiwa chumvi. Na mwaka 1989, jeshi la China lilipomwaga damu ya waandamanaji Beijing usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni, kikundi chetu kilikaa siku mbili na kutoa tamko kwamba ni vurugu za wanafunzi waliolishwa maneno na nje.

Hawakuwa wanafunzi tu. Kulikuwa na wafanyakazi pale, wameanzisha shirikisho lao huru, fundi wa reli Han Dongfang akiwa miongoni mwa viongozi wake. Alikaa gerezani karibu miaka miwili bila hukumu na kuugua kifua kikuu humo. Wafanyakazi kwa jumla waliadhibiwa vikali kuliko wanafunzi. Kikundi chetu kilikuwa na mtu aliyelisema hilo mapema, ameshika kipande cha gazeti. Unamjua. Ni yule mzee aliyekushika mkono msibani kwa babu yako, asiuachie, ukaja kuniuliza ni nani nami nikakwambia kapange viti.

Nisikilize tena, hata kama umechoka. Uliza kama wanaruhusiwa kugoma. Watakapokwambia "huu si wakati wake," kumbuka kwamba maneno hayo yamesemwa na kila serikali. Wakikuambia swali lako linamsaidia adui, waulize ni adui wa nani. Na wakikukasirikia, usiwajibu kwa hasira. Wewe ukikasirika unasema haraka na unameza nusu ya maneno, tabia ya baba yako hiyo. Na ukibaki peke yako chumbani, si lazima uwe umekosea. Wala si lazima uwe umepatia. Rudi usome.

Sikukatazi kwenda. Ningekukatazaje, wakati mimi ndiye niliyekupeleka kwenye mgomo wa kwanza mgongoni. Ninapata furaha kukuona unajali hatima ya watu usiowajua, kwa kuwa vijana wengi wa umri wako wameambiwa kwamba kujali ni ushamba. Lakini ungeweza kumpigia shangazi yako mara moja kwa mwezi. Naye ni tabaka la wafanyakazi.

Huku tuko salama. Goti linauma asubuhi, likipata joto linaacha. Mdogo wako anafanya mtihani wa mwisho mwezi ujao na amehamishia meza yake chumbani kwako, usimkaripie, nimempa ruhusa. Paa la upande wa stoo limeanza kuvuja. Fundi aliahidi kuja siku ya kwanza, akaahidi ya pili, sasa hapokei simu, nimeweka turubai. Maji yalishafika kwenye sanduku la vitabu kabla sijagundua. Vyako vyote vimepona isipokuwa kamusi, imevimba haifungiki.

Begi kubwa chukua, mimi silihitaji. Zipu yake imekaza upande mmoja, ipake sabuni. Koti pia, usijidanganye kwamba kwenye ukumbi wenye watu wengi hutasikia baridi.

Chini kabisa ya sanduku hilo kuna daftari la kijani. Lisome kabla hujaondoka. Ni kumbukumbu za vikao vyetu vya mwaka ule. Jalada limelowa na kurasa za mwanzo zimegandana, usizifungue kwa nguvu. Za Juni zinasomeka. Uamuzi wa kumfukuza yule mzee uko pale, na sababu zake, umeandikwa na katibu. Mwandiko utaujua.

Mama yako