Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kufika. Hesabu za Chama atazisoma Mweka Hazina, hivyo mimi nitajikita kwenye jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu: mabadiliko ya utendaji katika vyuo vikuu tunavyovitumikia.

Mengi yamekuja kwa pamoja. OPRAS, fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma tulizozizoea tangu 2004, imeipisha PEPMIS, inayofanya kazi hiyo kwa mtandao. Mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, umekuja na majengo, mapitio ya mitaala na masharti yake. Majalada nayo yanahamia ofisi mtandao, yaani mfumo wa kushughulikia barua na majalada kwa kompyuta. Hakuna hata moja ninalolipinga. Ila yote yanaishia kwenye meza ya mtumishi yuleyule.

Kamati Tendaji ilipotembelea matawi, ilikuta masjala ambako barua huingizwa kwenye mfumo, huchapwa, huwekwa kwenye jalada na kupelekwa kwa mkuu wa idara aandike maelekezo kwa kalamu, kisha huskaniwa irudi mfumoni. Mtunza kumbukumbu anafanya kazi ileile mara mbili. Yeye alihudhuria mafunzo ya mfumo hadi mwisho. Mkuu wake alituma mwakilishi. Hili tumelikuta kwingine pia, na naamini mabadiliko mengi hukwama ngazi za juu, wala si masjala. Wawakilishi wetu walisemee bila woga kwenye mabaraza ya wafanyakazi.

Wakongwe mnakumbuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyojipanga upya baada ya kufungwa mwaka 1990. Mpango mkakati ulipitishwa 1994, ukawekewa kitengo cha kuusimamia na mikutano ya mashauriano ya kila mwaka. Prof. Matthew Luhanga, aliyeuongoza, alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia 1991 hadi 2006. Nalisisitiza hili kwa sababu siku hizi mradi ukishazinduliwa na mshauri mwelekezi akalipwa, ufuatiliaji unakoma, na baada ya miezi michache watu wamerudi kwenye daftari. Mageuzi yanataka kiongozi anayebaki na kuuliza maswali yaleyale mwaka hadi mwaka.

Jambo lililonipa moyo ni katibu muhtasi wa tawi mojawapo, aliyekaa na wenzake kila Ijumaa mchana wakipitia mfumo wa malipo hatua kwa hatua, kila mtu na hati yake halisi mkononi, mpaka maswali yakaisha. Hakulipwa posho. Kamati inapendekeza kila tawi liwe na mwezeshaji wa namna hiyo, atambuliwe kwa barua ya mwajiri na apunguziwe majukumu mengine. Bila hilo la pili tutakuwa tumemtwisha mzigo mtu mwenye moyo.

Pendekezo hilo litajadiliwa baada ya taarifa ya Mweka Hazina. Likipita, fomu za kupendekeza majina zipo kwa Katibu. Matawi yazirejeshe kabla ya mwisho wa mwezi ili tuonane na waajiri kabla bajeti hazijafungwa.