Barua kwa mwanangu: Baba yako mdogo hakukosa kaburi

Goma

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Swali uliloniuliza kwa simu juu ya baba yako mdogo sikulijibu siku ile, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu wa kilio na jambo lenyewe halitaki haraka. Uliuliza hivi: ikiwa maiti akishazikwa hujiwa na malaika Munkar na Nakir wakamuuliza ni nani Mola wake, ni ipi dini yake na ni nani Mtume wake, je, mtu aliyezama katika Ziwa Kivu, lenye kina cha karibu mita 480, na mwili wake usionekane, ataulizwa wapi?

Wanazuoni wametufundisha kwamba barzakh si lile shimo tunalolichimba kwa majembe. Ni maisha yaliyo baina ya kufa na kufufuliwa, na kila anayekufa huyaingia, awe amezikwa, ameliwa na samaki au ameungua akawa majivu. Kaburi limetajwa zaidi kwa kuwa ndiko wanakopelekwa walio wengi. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wamepokea habari ya mtu wa zamani aliyejiona amezama katika dhambi, akawausia wanawe kwamba akifa wamchome, wamsage, kisha wampeperushe kwenye upepo, akidhani kwamba hivyo ataiepuka adhabu. Mwenyezi Mungu akamkusanya, akamuuliza ni nini kilichomfanya atende vile, naye akajibu kuwa ni kumwogopa Mola wake, akasamehewa. Na katika Sura ya Al-Qiyama Mwenyezi Mungu anatuambia kwamba ni muweza wa kuzisawazisha hata ncha za vidole vya mwanadamu. Ziwa letu haliwezi kumficha mtu asionekane na Aliyeliumba.

Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema kwamba roho yake inatangatanga ufukweni Kituku ikitafuta pa kulala. Maneno hayo ameambiwa mama yako mdogo na watu waliokuja kumpa pole, na yamemwumiza vibaya. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Huyo ni shahidi wa akhera, ambaye hapa duniani hukumu zake ni za maiti wengine: angepatikana, tungemwosha, tungemvika sanda na kumswalia, tofauti na shahidi wa vitani. Hatukupata kumwosha, na hilo lilimchoma sana bibi yako, aliyekwisha kuitoa sandukuni bafta nyeupe aliyojiwekea mwenyewe, akaikunjua kitandani na kuipima kwa mikono yake.

Tulimswalia kama asiyekuwepo. Masheikh wamekhitilafiana kuhusu swala hiyo, hasa kwa maiti asiyeoshwa, lakini imamu wetu alishika rai ya wanaoiruhusu, akatukumbusha kwamba Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Habasha, ilhali yeye mwenyewe yuko Madina, kwa takbira nne. Kwa kuwa walionusurika walishuhudia alivyozama, mama yako mdogo ameingia eda ya miezi minne na siku kumi, nami nimewaomba jamaa wasimhimize kurudi sokoni kabla haijaisha.

Jambo linaloninyima usingizi ni madeni yake. Mtume aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka sahaba Abu Qatada aliposema kwamba deni lile amelibeba yeye. Na katika hadithi nyingine ametufahamisha kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake hadi lilipwe. Watu wanashughulika na chakula cha hitma, nami naona fedha hiyo ingetangulia kwa wenye haki zao. Nimelipitia daftari lake ukurasa kwa ukurasa: magunia ya maharagwe aliyoyachukua kwa mkopo Minova, majina yaliyofutwa kwa mstari mmoja na mengine ambayo hayajafutwa, baadhi bila kiasi. Hakuna atakayegawiwa chochote, hata mjane aliyewekewa thumuni yake, kabla ya deni kulipwa na wasia, kama upo, kutekelezwa kwa kisichozidi thuluthi.

Nawe huko Lubumbashi unao wajibu. Mwombee maghufira kila baada ya swala, kwani alikulea kama mwanawe. Kisha waulize wafanyabiashara waliokuwa wakipokea mizigo yake, kwa upole na bila kuwashuku, kama kuna anayemdai, kiasi gani, na nani alikuwa shahidi. Niandikie majina yote, hata ya wanaosema wamemsamehe, ili nimwonyeshe imamu kabla hatujakaa kugawa mirathi.

Wasalaam,
Baba yako