Fidia ya asbesto isisubiri mpaka nyuzi zionekane kwenye pafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu wafanyakazi waliovuta kazini vumbi la asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kwenye ujenzi na kuzuia joto. Nimekaa na familia nyingi zinazofuatilia fidia na jibu wanalorudishiwa ni lile lile kila mara, eti kipimo cha pafu hakijaonyesha nyuzi za kutosha kwa hiyo ugonjwa haukutokana na kazi. Mtu akisikia maabara anaogopa, anaona basi wataalamu wameshasema. Lakini wataalamu hawajasema hivyo, na inaniuma kwa sababu anayeambiwa mara nyingi hana hata pumzi ya kubishana.

Ukikata, ukisugua au ukibomoa kitu chenye asbesto zinatoka nyuzi nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona, mtu anazivuta na nyingine zinafika mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya hewa. Humo kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, sasa zikikutana na uzi mrefu, wa mikromita 20 hivi na kuendelea, zinashindwa kuumaliza, zinamwaga kemikali zao hapo hapo na pafu linaumia, na hiyo hali inaendelea mwaka hadi mwaka mpaka pafu linajaa makovu na kukakamaa, hiyo ndo asbestosi. Wengine wanapata kansa ya mapafu, wengine mesotelioma, yani kansa ya utando unaozunguka mapafu. Baadhi ya nyuzi mwili unazivika protini yenye madini ya chuma na hizo ndo zinaonekana kwa hadubini ya kawaida. Zisizovikwa ni nyingi zaidi na hadubini hiyo inazikosa, inatakiwa ya elektroni, ambayo sio kila maabara inayo.

Alafu asbesto zenyewe zinatofautiana. Ya bluu na ya kahawia zinaweza kukaa ndani ya pafu miaka na miaka. Ile nyeupe, krisotaili, ambayo ndo iliyotumika kwa wingi zaidi duniani, inakatikakatika na kuondolewa mapema, na haivikwi chuma kirahisi kama zile nyingine. Ila madhara yake yanabaki, shirika la utafiti wa kansa la WHO limeziweka aina zote kwenye kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Na ugonjwa unajitokeza miaka 20, 30, hata 40 baadae! Sasa unamtafutaje leo mharibifu aliyeondoka zamani, ukimkosa unasema hakuwahi kuingia?

Wataalamu wa magonjwa ya asbesto waliokutana Helsinki, Finland, mwaka 1997 walilisema hili wazi kabisa. Nyuzi zikionekana nyingi ni ushahidi mzuri wa kumsaidia mgonjwa, lakini kwa krisotaili historia ya kazi ndo kipimo bora kuliko kuhesabu nyuzi. Walisema pia kwamba mwaka 1 tu wa kazi zenye vumbi zito, kama kupuliza asbesto, kufunika mabomba na boila au kubomoa majengo ya zamani, au miaka 5 mpaka 10 ya vumbi la wastani kama kwenye ujenzi na karakana za meli, inaweza kuongeza hatari ya kansa ya mapafu mara 2 au zaidi. Kwa mesotelioma hata kiasi kidogo kinaweza kutosha.

Kisingizio kingine ni sigara. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1979 kuhusu mafundi wa insulesheni, yani wanaofunika mabomba na boila kuzuia joto, ulionyesha asbesto peke yake inaongeza hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake kama mara 11, vyote pamoja zaidi ya mara 50. Kwa hiyo fundi aliyekuwa anavuta ndo asbesto ilimuumiza zaidi, na bado wanamkatia fidia kwa sababu ya hiyo hiyo sigara.

Na kumpasua kifua mgonjwa anayehema kwa shida ili tu zipatikane nyuzi za kuambatanisha kwenye faili la madai, kwa kweli mimi naona ni ukatili.

Madaktari tunaomba muulize kazi zote alizofanya mtu tangu ujana, alishika nini, vumbi lilikuwaje, ovaroli nani alikuwa anazifua nyumbani, maana wake wa mafundi nao wameugua. Yaandikwe kwenye faili mgonjwa akiwa bado anaweza kuongea. Waajiri nao watunze rekodi, Uingereza sheria inataka rekodi za afya za wanaofanya kazi na asbesto zikae miaka 40. Rekodi zikiwa zimepotea kampuni ndo ibebe huo mzigo, ushahidi wa wenzake waliofanya naye kazi upokelewe, na mgonjwa alipwe akiwa hai.

Msomaji wenu, mtetezi wa wafanyakazi