Barua ya wazi: tangazo lisivishwe nguo za habari

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Habari,

Ndugu Mwenyekiti,

Baraza lako linapopitia upya kanuni za maadili, naomba mkisome kifungu cha makala za kulipiwa, yaani matangazo yanayoandikwa kama habari, kama anavyosoma mtu wa kawaida. Makala inasifu dawa ya kisukari. Herufi ni zilezile za habari, picha ni ya daktari, jina la mwandishi lipo. Chini kabisa, baada ya aya ya mwisho, kwa maandishi madogo ya kijivu: "kwa hisani ya mdhamini". Ikisambazwa kwenye simu, hata kijimstari hicho hakionekani. Kinachofika ni kichwa cha habari na picha.

Wamiliki wana hoja, nami siidharau. Wanasema fedha za matangazo zikikatika chumba cha habari kitafungwa, na umma utapata hasara kubwa zaidi. Ndiyo hesabu ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill: tendo lipimwe kwa matokeo yake kwa wote. Ila wameiachia njiani. Wamejumlisha mishahara, wakamsahau mgonjwa atakayeacha dozi yake kwa sababu amesoma "habari".

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa kipimo kikali zaidi: usimtumie mtu kama chombo tu. Tangazo la wazi linaniambia ninunue, nami nina hiari ya kukataa. Lililojificha hufanya kazi pale tu ninapokuwa sijui. Na magazeti yote yakifuata njia hiyo, nani ataamini habari yoyote? Hila yenyewe itakosa pa kujificha.

Si jambo geni. Mwaka 1929 Edward Bernays, mtaalamu wa uhusiano wa umma, akilipwa na kampuni ya sigara ya Marekani, alipanga wanawake wavute sigara hadharani siku ya gwaride la Pasaka, New York. Magazeti yaliliripoti kama tukio la wanawake kudai uhuru wao, naye alimficha aliyemlipa. Msomaji wa siku ile angewezaje kujilinda?

Kabla hamjapiga kura, jaribuni zoezi la mwanafalsafa Mmarekani John Rawls: amueni kana kwamba hamjui kesho mtaamka mkiwa nani, mmiliki, mwenye bidhaa, mwandishi aliyeamriwa kuweka jina lake, au mgonjwa yule. Sidhani kama maandishi ya kijivu yatapita.

Ninachoomba ni hiki. Neno TANGAZO likae juu ya kichwa cha makala, kwa herufi zisizo ndogo kuliko za makala yenyewe, na liwe sehemu ya kichwa hicho ili lisidondoke kinaposambazwa. Aliyelipa atajwe kwa jina. Mwandishi wa habari akikataa kuandika makala za kulipiwa, asiadhibiwe; hili naliona zito kuliko yote, maana yeye ndiye anayebanwa kwanza. Na chombo kitakachokiuka kiombe radhi mahali palepale tangazo lilipokaa, kwa ukubwa uleule.

Wako,
Msomaji